Siku ya Bwana na Mchezo wa Watoto

Tumepokea barua ya mama mmoja, mkazi wa Kurasini. Ni barua fupi, lakini swali lake ni zito. Baada ya kutusalimu kwa "Tumsifu Yesu Kristo", atueleza ya kuwa mumewe ni mfanyakazi wa bandarini, afanyaye kazi kwa zamu, na kwamba Jumapili ambazo yuko nyumbani ni moja au mbili tu kwa mwezi. Watoto wao wanne wamesikia habari za viwanja vya michezo vilivyo kando ya bahari, penye pembea na mabwawa ya kuteleza majini, nao wamemwomba baba awapeleke walau mara moja. Baba amekubali. Lakini mwana jumuiya mmoja, mtu mzima mwenye heshima, amewaonya ya kwamba Mkristo mwema hafanyi matembezi ya pwani siku ya Bwana, na kwamba fedha ya matembezi hayo ingefaa zaidi kutolewa zaka. Mama auliza: Je, tukienda, tutakuwa tumetenda dhambi?

Milele, amina, mama. Twakushukuru kwa kuuliza, maana wengi wana swali hilo moyoni wala hawaliulizi. Nasi yatupasa kuungama jambo kabla ya kujibu. Miaka michache iliyopita, katika ukurasa huu huu, tuliandika maneno makali juu ya waumini waliojaza fukwe siku ya Pasaka. Tulisema juu ya ulevi, mavazi na Misa zilizoachwa. Hayo yalikuwa kweli. Lakini hatukuandika neno hata moja juu ya baba aliyekuwa amembeba mwanawe begani ili aione bahari. Tulisema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli yaweza kumfunga mtu dhamiri bure. Leo twataka kuisema nusu ya pili, bila kuifuta ile ya kwanza.

BAHARI ILIYO KARIBU, TENA ILIYO MBALI

Mtu asiyeijua Kurasini angestaajabu kusikia watoto wa huko wakililia bahari. Si wamezaliwa kando yake? Naam, wamezaliwa wakisikia honi za meli usiku. Lakini maji ya Kurasini ni maji ya kazi. Huko ziko gati za mafuta, matangi, malori na makasha ya chuma yaliyopangwa juu kama nyumba za ghorofa. Katika miaka ya 2010 nyumba nyingi za mtaani zilivunjwa kupisha mipango ya bandari na biashara, na viwanja ambavyo watoto walichezea vikapungua. Hivyo mtoto wa Kurasini aijua bahari kama mtoto wa mpishi aujuavyo wali wa bwana mkubwa: aisikia harufu yake, lakini haonji.

Hata hivyo njia ipo. Tangu Aprili 2016, Daraja la Nyerere, lenye urefu wa meta 680, limeiunganisha Kurasini na Kigamboni. Familia yaweza kulivuka kwa miguu, kisha ikapanda daladala au bajaji hadi fukwe za Mjimwema na kuendelea. Wengine hupita kwa kivuko cha Magogoni. Upande wa kaskazini wa jiji kuna ufuko wa Coco, wenye sifa ya mihogo yake ya kukaanga, na mbele zaidi, Kunduchi, kuna kile kiwanja cha michezo ya maji kiitwacho Wet 'n' Wild. Zaidi ya hayo, kila mwaka ifikapo Sabasaba, katika uwanja wa maonyesho wa Barabara ya Kilwa, watoto wa Temeke hupanda pembea za kuzunguka wakarudi nyumbani na kizunguzungu na furaha. Basi swali si kama mahali papo. Swali ni kama moyo wa Mkristo una ruhusa ya kwenda huko.

KANISA LAFUNDISHA NINI

Tuanze na sheria yenyewe. Kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yawadai waamini mambo mawili siku ya Jumapili na sikukuu zilizoamriwa. La kwanza ni kushiriki Misa. La pili ni kujizuia na kazi na shughuli zinazozuia ibada, zinazozuia furaha iliyo haki ya siku ya Bwana, au zinazozuia mapumziko yafaayo ya akili na mwili. Msomaji na aitazame vema kanuni hiyo. Furaha na mapumziko havikutajwa humo kama udhaifu unaovumiliwa. Vimetajwa kama mali ya siku ya Bwana, inayolindwa na sheria isinyang'anywe. Mtu amfanyishaye mtumishi wake kazi Jumapili nzima bila sababu, yeye ndiye aivunjaye kanuni hiyo. Wala si baba achezaye mpira na wanawe mchangani.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliandika barua ya kitume juu ya Jumapili, iitwayo Dies Domini, tarehe 31 Mei 1998. Humo aonya ya kwamba Jumapili ikipoteza maana yake ya asili na kuwa mwisho wa juma tu, mwanadamu hujifungia mahali pembamba hata asiione mbingu. Lakini katika barua hiyo hiyo afundisha ya kuwa mapumziko ni kitu kitakatifu, na kwamba Mkristo achague burudani zipatanazo na Injili. Asema achague, hakusema aziache zote.

Nao waalimu wa kale je? Mt. Thoma wa Akwino, katika Summa yake, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, auliza kama kuna fadhila katika mchezo. Ajibu ya kuwa iko. Kama mwili uchokavyo ukahitaji kulala, ndivyo na roho ichokavyo ikahitaji burudani. Tena aenda mbele zaidi: mtu asiyecheza kamwe, wala hawapi wengine nafasi ya kufurahi, huyo naye ana kosa, kwa kuwa amewaelemea wenzake. Hapo ndipo atoapo kisa cha Mt. Yohane Mwinjili. Watu walikwazika walipomkuta mtume akicheza na wanafunzi wake. Mtume akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale; naye akapiga. Akamwambia apige tena na tena. Kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akajibu ya kuwa upinde ungevunjika. Ndipo Yohane akasema kwamba roho ya mwanadamu nayo ingevunjika, kama isingelegezwa kamwe.

Mwana jumuiya mwenye heshima na aupime upinde huo. Baba afanyaye kazi za zamu bandarini, alalaye mchana watoto wakiwa macho na kuamka usiku watoto wakiwa wamelala, upinde wake umevutwa kwa muda gani? Na watoto wamjuao baba yao kama viatu vilivyo mlangoni, watajifunza wapi maana ya kumwita Mungu Baba? Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, alisimulia mara nyingi jinsi alivyozoea kuwauliza wazazi katika kitubio kama wanacheza na watoto wao. Hakuwauliza kama wanawalisha tu, wala kama wanawalipia ada tu. Twaona swali hilo lawafaa hata wale wajionao wema.

Basi, mama, jibu letu ni hili: kwenda pwani na familia siku ya Jumapili si dhambi. Laweza kuwa tendo jema, na hata la kumtukuza Mungu. Lakini jema lolote laweza kuharibika njiani. Kwa hiyo twakupeni nguzo tatu za kushika.

NGUZO YA KWANZA: MISA HAIACHWI

Furaha ya Jumapili ina chemchemi yake, na mtu hawezi kuteka maji huku akiiziba chemchemi. Wala hapa hakuna ugumu mkubwa. Parokia nyingi za jiji zina Misa ya alfajiri; mwenye kuamka kwa ajili ya pwani na aamke kwa ajili ya Bwana kwanza. Tena kanuni ya 1248 yaeleza ya kuwa amri ya Misa hutimizwa pia kwa kushiriki Misa ya jioni ya siku iliyotangulia. Familia ikitoka kanisani pamoja, ikaenda pwani pamoja, watoto hawataona siku mbili zinazogombana, moja ya Mungu na moja ya furaha. Wataona siku moja.

NGUZO YA PILI: FEDHA NA KIASI

Zaka ni wajibu, wala hatuwezi kuidharau. Lakini zaka ni fungu la kile tulichopewa. Haikuwekwa iwe kisu cha kukatia kila furaha ya maskini. Jambo la ajabu ni hili, kwamba fedha ya bia ya mwezi mzima mara nyingi haiulizwi na mtu, bali fedha ya siku moja ya watoto ndiyo ifanyiwayo baraza.

Hata hivyo, kiasi ni lazima. Viwanja vyenye mashine na mabwawa vina kiingilio, na kwa familia ya watu sita kiingilio hicho chaweza kuumiza. Baba asikope ili aonekane. Asiile ada ya shule kwa sababu ya mteremko wa maji. Kama haitoshi, pwani ya wazi ipo, nayo mchanga haulipiwi. Mama apike nyumbani wali au mihogo, afunge mandazi, achukue maji safi ya kunywa. Tena wazazi na wakae na watoto juma moja kabla, wawaeleze waziwazi: tuna kiasi hiki, nauli ni hii, chakula ni hiki, na kilichobaki mtachagua ninyi. Mtoto aliyechagua mwenyewe kati ya pembea na aiskrimu amejifunza hesabu na fadhila kwa pamoja.

NGUZO YA TATU: USALAMA

Hapa twaomba msomaji asipite haraka, maana hapa ni suala la uhai. Nchi yetu imekwisha kuzika watoto waliokwenda kufurahi. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, mjini Tabora, watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa disko toto uliojazwa kupita kiasi. Walitoka makwao wamevaa nguo mpya. Basi mzazi asimtume mtoto peke yake mahali pa msongamano, wala asimkabidhi kwa mtoto mwenzake mwenye miaka 10.

Kisha bahari. Wazee wa pwani walitufundisha kuhesabu maji, lakini wengi wetu tuliotoka bara hatukujifunza. Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kila siku. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yakapwa mbali sana na kujaa juu sana. Hapa Dar es Salaam tofauti hiyo hupita meta 3. Sasa tazama sikukuu zetu. Pasaka huwekwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaofuata tarehe 21 Machi. Kwa hiyo haiwi mbali na mwezi mpevu kwa zaidi ya juma moja, na mara nyingi yaangukia katika bamvua. Idi el-Fitri huja mwezi unapoandama, yaani ndani ya bamvua yenyewe. Maana yake ni kwamba siku ambazo umati mkubwa huenda pwani mara nyingi ndizo siku ambazo maji hutembea sana.

Nayo hatari yaja hivi. Asubuhi maji yamepwa, watoto wamekwenda mbali hadi kwenye fungu la mchanga, maji hayapiti goti. Bahari huchukua saa 6 hivi kujaa, lakini haijai kwa mwendo mmoja: huanza polepole, kisha katika saa 2 za katikati huingiza karibu nusu ya maji yote. Mtoto aliyeko funguni hugeuka nyuma akaona njia aliyoijia imekuwa mto. Kwa hiyo uliza wavuvi kabla ya kuingia: maji yapwa au yajaa? Mtoto mdogo awe mahali ambapo mkono wa mtu mzima wamfikia. Mpira wa tairi si mlezi. Mkondo huuchukua pamoja na aliye juu yake. Na mlinzi wa watoto asinywe pombe kabisa siku hiyo, kwa kuwa mtoto azamaye mara nyingi hapigi kelele; huzama kimya, watu wakicheka karibu naye.

MTOTO ALIYEPOTEA

Haya hatuyaandiki kwa kusoma tu. Jumatatu moja ya Pasaka tulifuatana na familia za jumuiya moja kwenda pwani ya Kigamboni. Tulikuwa watu 40 hivi. Tulisali, tukala, tukaimba, vijana wakacheza mpira. Yapata saa tisa alasiri mama mmoja aliuliza: "Yuko wapi mdogo wenu?" Kila mmoja akamtazama mwenzake. Baba alidhani yuko na mama. Mama alidhani yuko na shangazi. Shangazi alidhani yuko na Padre, kwa sababu mara ya mwisho alimwona akinishika kanzu. Nasi tulikuwa tukizungumza na wazee juu ya ujenzi wa ukumbi, wala hatukujua mkono ule mdogo uliondoka lini. Maji yalikuwa yakijaa.

Hatuwezi kueleza dakika zile. Wanaume waliingia majini na nguo zao. Mama alikaa chini mchangani, asilie, akitazama bahari tu. Baada ya muda uliotushinda kupima, alikuja mama mmoja wa Kiislamu, muuza samaki wa kukaanga, akimshika mtoto mkono. Alimkuta mbali ufukoni akitembea na kulia, akamweka chini ya mwavuli wake, akampa kipande cha muhogo, kisha akaiacha biashara yake siku ya sikukuu akapita kundi kwa kundi akiuliza: "Mwana huyu ni wenu?" Tulipotaka kumpa fedha alikataa. Alisema mtoto hana dini ya kupotelea.

Jioni ile, tukirudi, tuliikumbuka Injili ya Mt. Luka, sura ya 2. Yesu alikuwa na miaka 12, na wazazi wake walikuwa wametoka kuhiji Yerusalemu wakiwa na jamaa na marafiki. Walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo msafarani. Ikiwa Maria na Yosefu, watakatifu kupita sisi, waliweza kudhani hivyo, basi sisi tusijiamini. Katika kundi kubwa kila mtu hudhani mwingine anatazama, na hivyo hatazami yeyote. Tangu siku hiyo, tukitoka na familia, kila mtoto mdogo hutajiwa mtu mmoja kwa jina, na mtu huyo akitaka kuondoka hana budi kumkabidhi kwa mwingine kwa maneno, naye ajibu, "Nimempokea." Kila saa moja twahesabu. Yaonekana kama mambo ya shule. Nasi twayashika hivyo hivyo.

PWANI NI YA NANI

Jambo la mwisho lawahusu wenye mamlaka na wenye mali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, yakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari. Sheria hiyo yalinda mazingira; lakini ikiheshimiwa, humlinda pia mtoto wa Kurasini, apate mahali pa kukanyaga. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato si' wa mwaka 2015, alihuzunika kuona mahali pazuri pakizungushiwa kuta, maskini wasifike. Hatuwalaumu waliojenga viwanja vya michezo kwa haki. Wametoa kazi na furaha. Lakini jiji ambalo bahari yake yaonekana kupitia matundu ya uzio tu, jiji hilo limewanyima watoto wake urithi.

Nasi tufikao huko tusiuharibu urithi huo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, lakini chupa na makopo bado twayaacha mchangani kana kwamba bahari ni shimo la taka. Tuwakumbuke pia watuhudumiao: dereva, mpishi, mlinzi wa bwawa. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila juma. Tusiwatukane kwa kuchelewa kuleta soda. Wao wameiacha Jumapili yao ili sisi tuwe na yetu.

Mama mpendwa wa Kurasini, nendeni. Nendeni Misa kwanza, mkapande pembea baadaye. Yohane Mwinjili, yule yule wa kisa cha upinde, aliandika katika sura yake ya 21 ya kuwa Bwana mfufuka alisimama asubuhi ufukoni, akawasha makaa, akawaokea samaki watu waliochoka kwa kazi ya usiku kucha, akawaita waje kula. Mumeo naye hufanya kazi usiku. Siamini Bwana huyo atachukizwa akimwona ameketi mchangani na wanawe, mkate mikononi, siku ambayo ni yake Bwana.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika jumuiya:

1. Tangu mwaka uanze, ni siku ngapi baba, mama na watoto wamekuwa pamoja kutwa nzima kwa furaha?

2. Je, tumewahi kumfunga mtu dhamiri kwa jambo ambalo Kanisa halikulikataza?

3. Tukitoka na watoto, nani amtazama nani? Tutaje kwa majina.